Mwonyeshe mtoto daftari la shamba

Mzazi mwenzangu, wiki iliyopita nilikuwa Hombolo, Dodoma, kwa dada yangu. Ulikuwa wakati wa mavuno ya zabibu, lakini nyumba ilikuwa imepoa. Mpwa wangu wa kidato cha tatu alinivuta pembeni. "Mjomba, kwa nini tusing'oe hii mizabibu tupande alizeti? Mimi nimerudishwa nyumbani, ada haijalipwa."

Kumbe mnunuzi wao wa kila msimu safari hii alisema matangi yake yamejaa. Zabibu hazingoji. Zikiiva ni siku chache tu, zinaoza. Dada na shemeji wakaponda zao wenyewe, zile nyekundu za Makutupora, wakaziacha zichachuke pamoja na maganda, maana rangi iko kwenye ganda. Sasa wana mchuzi wa zabibu kwenye matangi na hakuna mteja. Hewa ikiingia, na joto lile la Dodoma, unageuka siki.

Wamisionari walileta mizabibu Dodoma miaka ya 1950, na huko huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Ulaya hawalipati. Lakini ingia dukani, hata Dodoma mjini, uone rafu zilivyojaa mvinyo wa Afrika Kusini, Hispania na Italia. Viwanda vyao ni vikubwa, kwa hiyo gharama ya kila chupa hushuka. Tena mchuzi uliokolezwa unaweza kuja kwa meli, ukajazwa kwenye chupa hapa hapa. Serikali hutoza ushuru mdogo kwa mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75, lakini nafuu hiyo haimfikii mkulima asiye na mnunuzi.

Nilimuuliza dada kama mtoto anayajua haya. "Sikutaka kumtia wasiwasi," akasema. Lakini mtoto alikuwa na jibu lake tayari: alidhani baba amekunywa hela ya ada. Alikuwa hamsalimii vizuri tangu arudi.

Usiku ule tukafungua daftari mezani: dawa, vibarua, kilo zilizouzwa, deni. Kijana akapiga hesabu mwenyewe. Akakumbushwa kwamba mzabibu mpya huchukua miaka miwili, mitatu kuzaa vizuri. Ukiung'oa leo, bei ikipanda kesho huna chako. Akanyamaza, kisha akasema mavuno yajayo sehemu iuzwe mbichi kwa wasafiri barabarani. Asubuhi alimwamkia baba yake kwanza, kabla yangu.

Ada bado haijapatikana. Shemeji amekwenda shuleni kuomba alipe kwa awamu.

Wewe unayelima kahawa, korosho au pamba, bei yako nayo hupangwa mbali. Usimwache mtoto abuni sababu. Mwonyeshe daftari. Na ukinunua chupa ya sherehe, geuza nyuma usome zabibu zimetoka wapi.