Kofia ya Kauboi Masaku: Yetu ama ya Kununua?

Wiki jana niliposti video nikiwa na kofia ya kauboi na buti, milima ya Iveti nyuma yangu. Sitaficha: nililipwa. Klabu moja hapa Machakos ilitaka nipigie debe usiku wao wa kantri. Komenti zikagawanyika. Wengine, "Masaku juu!" Wengine, "Mnaiga Wamarekani, nyinyi mnachunga nini?" Halafu susu wangu akaonyeshwa kwa simu ya binamu. Akauliza swali moja tu: "Na ng'ombe wako wapi?"

Hilo swali limekataa kuniondoka. Wacha niseme vile naona.

Kwanza, tusidanganyane eti huko Marekani kauboi ni halisi na sisi ndio feki. John B. Stetson alianza kutengeneza kofia zake Philadelphia, 1865. Huo ni mji wa viwanda, si wa malisho. Buffalo Bill akaanzisha onyesho lake 1883, akauza tiketi hadi Ulaya. Wachungaji wengi wa kweli walikuwa Wameksiko na watu weusi, lakini sinema zikaja zikamvisha mzungu ile kofia. Kauboi alishawekwa sokoni kwao zamani sana.

Pili, kantri si kitu ya jana hapa Kenya. Wazazi wetu wamekua na Jim Reeves na Kenny Rogers redioni. Kabla yao, santuri za Jimmie Rodgers zilifika hadi kwa Wakipsigis, na 1950 Hugh Tracey akarekodi wasichana wao wakimwimba kwa jina la Chemirocha. Leo tuna Sir Elvis Otieno, Mkenya anayekula kwa jasho la kantri. Kitu watu wamekipenda miaka yote hiyo huwezi kuniambia ni feki. Mapenzi ni ya kweli hata kama kofia imetoka dukani.

Sasa mahali ninaumia ni hapa. Sisi Wakamba tuna hadithi yetu ya ng'ombe, na hakuna posta hata moja inaitaja.

1938, serikali ya mkoloni ilisema Wakamba wana mifugo wengi mno, eti wanaharibu udongo. Haikusema walowezi walikuwa wamechukua malisho mazuri. Ng'ombe wakaanza kunyang'anywa watu na kuuzwa bei ya kutupa, na huko Athi River kulikuwa na kiwanda cha Liebig kinachosubiri nyama. Muindi Mbingu akasimama. Maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda Nairobi kumtaka Gavana awasikilize, na wakapiga kambi huko wiki kadhaa. Muindi akakamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu. Lakini serikali ilirudi nyuma, ikaacha kupunguza mifugo kwa nguvu.

Leo jina lake ni barabara ya Nairobi. Tunaipita tukienda City Market kununua nyama, na wengi wetu hatujui huyo mtu aliteseka kwa sababu ya ng'ombe.

Najua kuna mtu atasema, "Boss, ni sherehe tu ya wikendi, tuache tujibambe." Sawa, jibambe. Sipingi biashara. Usiku wa kantri ukijaa, mtu wa nyama choma anauza, wa bodaboda anapata, DJ analipwa, na mimi pia nimekula hapo. Ndiyo, hii kitu imetengenezwa iuze. Tukubali tu. Lakini mtoto wa Masaku akikua akijua Texas na hajui Muindi, hapo tumeuza na chetu, na hatukulipwa hata shilingi.

Kwa hivyo nimemwandikia mteja wangu. Video inayofuata nitavaa kofia, sina shida, lakini sekunde kumi za kwanza ni za Muindi Mbingu. Na jukwaani apande mtu wa benga ya Kikamba, alipwe sawa na wa kantri. Bado hajanijibu. Akikataa, hiyo pesa nitaikosa, na kodi ya nyumba inakaribia.

Lakini susu akiniuliza tena ng'ombe wako wapi, angalau nitakuwa na jibu.

Wewe je, nyumbani kwenu ulishawahi kuambiwa habari za 1938? Niandikie hapo chini.