Mfumo Mpya wa Kompyuta: Nani Aamue Siku?



Makarani kadhaa wa hapa Mwingi, wa madukani, wa shuleni na wa saiba, wametuuliza neno moja. Kompyuta ikileta tangazo kila asubuhi kwamba mfumo wake umepitwa na wakati, je, wabadilishe au waache? Wengine wameambiwa na tajiri waachane na tangazo hilo, maana mashini bado inawaka. Wengine wameamriwa waweke mfumo mpya jioni ileile kabla ya kwenda nyumbani. Sisi twaona amri zote mbili ni mbaya, na twataka kueleza kwa nini.

Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoiamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine zote. Kompyuta nyingi katika ofisi zetu zilikuja na Windows 10. Kampuni ya Microsoft iliutoa mfumo huo mwaka 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 ikaacha kuutengenezea viraka vya usalama kwa watu wote. Mwenye kompyuta ya nyumbani aliruhusiwa kujiandikisha apate viraka hadi 13 Oktoba 2026. Makampuni yaliambiwa yanunue nyongeza, isiyozidi miaka 3, na bei yake hupanda kila mwaka.

Sasa, kompyuta haifi siku hiyo. Yawaka kama jana, yaandika barua, yachapa risiti. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Kilichokoma ni ukarabati: mwizi akigundua tundu jipya ukutani, hakuna fundi atakayekuja kuliziba.

Asiyeamini na akumbuke Mei 2017, wakati virusi vilivyoitwa WannaCry vilipozunguka dunia nzima kwa muda wa siku chache, vikifunga mafaili ya watu na kudai fedha ili vifungue. Huko Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani. Kiraka cha kuzuia balaa hilo kilikuwa kimekwisha kutolewa tangu Machi mwaka uleule. Fundi alileta dawa, wenye mashini hawakuipokea.

Lakini hatusemi kwamba kila kipya kipokewe siku kinapotoka. Oktoba 2018 kampuni hiyohiyo ilitoa toleo jipya la Windows 10, likafuta hati za baadhi ya watu, hata ikabidi kulisimamisha baada ya siku chache. Waliokuwa wamengoja mwezi mmoja hawakupoteza hata barua. Kwa hiyo maoni yetu ni haya: viraka vidogo vya usalama vipokewe upesi, mfumo mzima mpya ungojewe miezi kadhaa, wenye haraka wautangulie, lakini kungoja kusivuke ile tarehe ya mwisho ya viraka. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021. Miaka minne ilikuwapo ya kupanga na kuweka fedha. Tajiri ambaye hakupanga katika miaka minne asimkimbize karani katika jioni moja.

Tena kuna siku na siku. Karani wa mishahara ana kazi ya kufa tangu mwisho wa mwezi hadi tarehe 9, ambapo kodi ya PAYE na michango ya SHA na NSSF hutakiwa iwe imefika. Kumbadilishia mfumo katika siku hizo ni kumtega. Watu wa saiba wasiguswe mwezi Juni, maana 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka taarifa za kodi na foleni hufika barabarani. Dukani kwa wanunuzi wa ndengu, wakati mbaya ni ule wa mavuno, mizani ikiwa haipumziki. Shule zingoje likizo. Yafaa tajiri amwulize anayekaa mbele ya mashini, kwa kuwa yeye ndiye aijuaye kalenda ya kazi hiyo.

Kabla ya kugusa chochote, mafaili yote yanakiliwe katika diski ya nje, na nakala hiyo ifunguliwe ionekane kuwa inasomeka. Programu ya mishahara na printa zijaribiwe katika kompyuta moja kwanza. Wengi huziruka hatua hizi mbili, kisha stima ikipotea katikati ya kazi, anayelaumiwa ni karani! Mfumo mpya pia hula bando nyingi sana. Tumesikia habari za wenzetu waliotumia bando za simu zao kwa kazi ya tajiri. Hiyo si desturi ya kukubaliwa.

Kuna shida nyingine. Kompyuta nyingi za huku zilitumika kwanza Ulaya, zikauzwa Nairobi, ndipo zikafika kwetu. Windows 11 hutaka kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya GB 64, kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa ambayo kwa kawaida si ya kabla ya mwaka 2017 hivi. Mafundi wengine huuingiza kwa ujanja katika mashini isiyostahili. Microsoft imesema mashini za namna hiyo hazina ahadi ya kupata viraka, basi mtu amelipa fundi na tundu limebaki. Kwa mashini kama hizo Linux inafaa kufikiriwa. Ubuntu ya Aprili 2024, kwa mfano, hutolewa bure na hupewa viraka kwa miaka 5. Ila programu iliyotungwa kwa Windows huenda ikakataa humo, na karani hapana budi afundishwe, tena katika saa za kazi zenye malipo.

Na hasara ikitokea? Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chamruhusu tajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kusudi la mfanyakazi. Karani aliyetumia mashini ya zamani kwa sababu ndiyo aliyopewa hakukusudia lolote. Tena Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtaka mwenye data, yaani tajiri, ampe Kamishna habari ndani ya saa 72 data za watu zikiibwa na kuwapo hatari ya kuwadhuru. Ukionya, onya kwa maandishi, ubaki na nakala yenye tarehe.

Kila mwanachama mwenye kompyuta kazini abonyeze kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, aandike winver, kisha Enter. Jina na namba ya mfumo vitatokea. Aviandike, pamoja na umri wa mashini na nani hulipia bando, ampe mwakilishi wetu wa mahali pake pa kazi kabla ya mkutano ujao wa tawi. Tukiwa na orodha hiyo tutawaandikia matajiri barua moja.