Tuwajue Konokono Wetu Kabla Miti Haijaisha

Huenda mtu akauliza: katika nchi yenye mahitaji mengi kama yetu, konokono mdogo kama punje ya mchele ana thamani gani hata aandikwe gazetini? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba wananchi wasiojua vilivyomo katika ardhi yao hawawezi kuvitunza vyenye faida, wala kujikinga na vyenye madhara.

Mwaka 2013 wataalamu wawili, Ben Rowson na Peter Tattersfield, walitangaza jenasi mpya, yaani ukoo mpya, ya konokono wadogo wa nchi kavu wa upande wa mashariki wa Afrika. Hapo kwanza baadhi ya konokono hao walihesabiwa katika ukoo wa Gulella, uliopewa jina mwaka 1856 na wenye mamia ya spishi. Wataalamu hao waliwachambua upya, wakawatenga katika nyumba yao wenyewe, na kuongeza spishi sita zilizokuwa hazijapata kuandikwa. Jina walilolichagua ni Dadagulella. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: huyu ni dada wa Gulella. Neno letu la nyumbani limeingia katika daftari la wanyama la dunia nzima.

Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa kubahatisha. Majani makavu yaliyooza chini ya miti huchekechwa, na magamba hutazamwa kwa kioo cha kukuzia. Mchunguzi hupima urefu na upana, huhesabu mizunguko ya gamba, na huangalia mdomo wake, kwani katika konokono wa jamii hii mdomo huwa na vijino ambavyo idadi na mpangilio wake hutofautiana. Hata hivyo gamba peke yake laweza kudanganya, kama vile watu wawili waweza kufanana sura bila ya kuwa na udugu. Kwa hiyo hupasuliwa mwili na kuchunguzwa viungo vya uzazi, na siku hizi hulinganishwa pia vinasaba. Kisha kielelezo huhifadhiwa katika makumbusho, ili mwingine aje ahakikishe yaliyosemwa.

Wako watakaosema kuwa huo ni mchezo wa wasomi. Mdharau mwiba mguu huota tende. Hebu tuwatazame jamaa zao wa majini. Konokono wa jenasi ya Biomphalaria, iliyopewa jina na Preston mwaka 1910, ana gamba bapa lililojikunja kama kamba iliyolazwa chini. Huyo ndiye anayebeba kichocho cha tumbo, ugonjwa ambao umewatesa kwa miaka mingi watu wa kando ya Nile katika West Nile. Bulinus, mwenye gamba lililosimama na mdomo upande wa kushoto, ana spishi zinazobeba kichocho cha kibofu. Kuna konokono wengine wengi wa majini wasiobeba hata kimoja. Asiyeweza kuwatenganisha hajui maji yapi ni ya hatari, wala ugonjwa upi autarajie kijijini. Macho yanayozoezwa kutenganisha konokono wa nchi kavu ndiyo macho hayohayo yatakayomtambua huyu wa mtoni.

Sasa tutazame nyumbani. Mlima Liru uko Koboko. Mlima Wati ulikuwa katika Wilaya ya Arua hadi Terego ilipotengwa mwaka 2020. Walugbara wanaiheshimu milima hiyo miwili kwa ajili ya wahenga wao, Jaki na Dribidu. Lakini kuni za kukaushia tumbaku, mkaa wa mijini, mashamba mapya, na mahitaji ya jikoni ya wenyeji pamoja na ndugu zetu waliokimbia vita vya Sudan Kusini, vimepunguza miti ya eneo hili. Ndege msitu wake ukikatwa huruka akatafuta mwingine. Konokono wa majani yaliyooza hana pa kwenda. Jua likipiga ardhi tupu, hukauka na kufa. Aliyekufa kabla ya kupewa jina hatajulikana kamwe kwamba aliwahi kuwapo.

Kwa hiyo hapana budi kazi hii ishikwe na wenyeji wenyewe. Chuo Kikuu cha Muni kilianza kufundisha karibu na mji wa Arua katika mwaka huohuo wa 2013. Wanafunzi wake, wakishirikiana na walimu wa shule za sekondari za Arua na Koboko, wanaweza kuikagua vilima na kingo za mito kwa vifaa ambavyo havihitaji mkopo wa kigeni: chekeche, kioo cha kukuzia, vichupa, kalamu na daftari. Vielelezo viwekwe nchini, vingine hapo Arua na vingine Makerere, ili kijana wa Koboko asilazimike kupanda ndege kwenda Ulaya kuangalia konokono wa kwao. Na halmashauri za wilaya, zinapopanga ni miti ipi ihifadhiwe, ziulize kwanza nini kinaishi chini yake.

Wageni wametutendea hisani kwa kuazima neno dada. Jina litakalofuata na litolewe na mtoto wa Arua au Koboko, kwa Kilugbara, Kikakwa au Kiswahili, miti ikiwa bado imesimama.