Ukali wa Muthiga Hautoshi Kuwa Hoja

Hapana shaka kwamba wengi wa wasomaji wetu wa Gatitu, Karatina na Nanyuki waliujua ukali wa mti wa muthiga kabla ya kujua kusoma, kwani ni ada ya kale katika nchi hii iliyo chini ya Mlima Kenya kwamba mwenye kikohozi au maumivu ya jino hupewa gome lake alitafune, ama huchemshiwa katika supu. Na wazee, Mwenyezi Mungu awarehemu, waliipima dawa hiyo kwa ulimi, wakaitakidi kuwa gome lisilochoma halina manufaa.

Wala hawakukosea. Mwaka 1976 Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao walipouchunguza mti huu, ambao wataalamu huuita Warburgia ugandensis, walibainisha kwamba viwavijeshi hukataa kula majani yaliyopakwa viini vyake, hususa warburganali na poligodiali, navyo ndivyo vichomavyo ulimi. Na tafiti za baadaye zikathibitisha kuwa dondoo za gome huzuia kuvu na baadhi ya bakteria.

Basi tusipoteze wino kuthibitisha lililokwisha thibiti. Swali letu ni jingine: ni dawa ipi hasa iliyopimwa? Mtaalamu huloweka unga wa gome katika methanoli, ambayo ni sumu, ilhali mama wa Gatitu hulichemsha kwa maji, na viini hivyo huyeyuka zaidi katika spiriti kuliko katika maji. Kadhalika sifa ya gome hilo ya kuzuia uoksidishaji, inayotangazwa kwa vishindo, mara nyingi husimama juu ya kemikali moja ya zambarau iliyogeuka manjano ndani ya chupa, jambo ambalo halitoi hukumu yoyote juu ya mwili wa binadamu. Na viini hivi vikali vikishikamana na protini za vijidudu, havibagui protini zetu, hivyo kipimo na madhara ni faradhi kutajwa.

Kwa sababu hiyo, tangu toleo hili la jarida letu, atakayetuletea makala juu ya muthiga atalazimika kupima pia maji yaliyochemshwa kama yachemshwavyo nyumbani, na kulinganisha gome na majani, ambayo nayo ni makali. Maana mti uliobambuliwa gome pande zote hufa, lakini uliochumwa majani kwa kiasi huchipua tena, na elimu inayowafundisha watu kumaliza dawa yao wenyewe haistahili kuchapishwa.