*PAPA POTWE SI MALI YA MWENYE MASHINE KUBWA*

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*



Tangu juzi kuna ujumbe wa sauti unazunguka kwenye makundi ya hapa Kilindoni. Unasema masharti ya kuogelea na papa potwe yamewekwa kuwanyima vijana wetu riziki, na kwamba tawi limekaa kimya kwa sababu limenunuliwa. Kamati ilikaa jana usiku. Hatujanunuliwa, na kimya kimekwisha.

Tuanze na tulichokiona kwa macho yetu. Wiki iliyopita boti saba zilimzunguka papa mmoja. Mashine hazikuzimwa. Wageni walirukia majini karibu juu ya mgongo wake, mmoja akamshika pezi. Papa akazama, hakuibuka tena. Wageni wa boti tano walirudi pwani hawajaona kitu, wengine wakadai fedha zao. Hapo nani kamnyima nani riziki?

Mwenye ujumbe anasema samaki ni wa Mungu, huja na kuondoka, basi tuvune msimu ungalipo. Ni wa Mungu kweli. Lakini wengi wao hawaondoki! Watafiti waliowafunga vifaa vya kuwafuatilia walikuta wengi wako Mafia mwaka mzima. Msimu wetu wa Oktoba hadi Machi ni wakati wanaposogea karibu na pwani na kula juu juu. Kila mmoja ana madoa yake, kama alama ya kidole. Kwa hiyo unayemgonga kwa pangaboi leo ndiye yule yule utakayemtangazia mgeni wa kesho. Tena wengi ni madume machanga, hawajafikia umri wa kuzaa. Hatuna wengine wa akiba.

Na masharti yenyewe ni yapi? Kaa mbali angalau mita tatu. Usimguse. Usimmulike kwa taa ya kamera. Boti isimkate njia.  Wavuvi wetu wa dagaa, papa akiingia kwenye nyavu, humfungulia akatoka hai, hata kama dagaa nao watatoka. Kama mtu wa dagaa anakubali hasara hiyo, nahodha wa wageni anashindwaje kuzima mashine?

Wanachama, hatuwatetei wakubwa. Malalamiko ya haki yapo. Ada zinakusanywa, matumizi yake hayasomwi kijijini. Anayekemewa ni kijana wa boti ya kukodi, mwenye boti kubwa haguswi. Hayo tutayasema bila woga. Lakini dhuluma ya juu haihalalishi uharibifu wa chini. Waliopiga baruti baharini nao walisema ni riziki. Walikula siku moja, na matumbawe waliyoyasaga yanahitaji miaka mingi kuota tena.

*MSIMAMO WA TAWI:*

1️⃣ Boti ziende kwa zamu, na sharti limhusu kila nahodha, mwenye boti moja na mwenye boti kumi.

2️⃣ Mapato na matumizi ya ada yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa tarakimu.

3️⃣ Vijana wetu wapewe mafunzo ya kuongoza wageni bila malipo, wasibaki kuwa wabeba miwani na mapezi tu.

4️⃣ Mwanachama wa tawi hili atakayeonekana anamkimbiza papa ataitwa kwenye kamati. Hatuwezi kudai haki juu huku tunafumbia macho wenzetu.

Tukutane Ijumaa ofisi ya tawi, baada ya sala ya alasiri. Aliyerekodi ujumbe ule naye aje. Ni ndugu yetu, atapewa nafasi ya kwanza kuzungumza.

Tafadhali msambazie kila mwanachama, hasa wenye boti.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi*