Zama za Ebrahim Hussein zimo Barabara ya Ngong

Jumamosi moja wanafunzi wangu wanne walinialika Adams Arcade, katika mkahawa mmoja ulio karibu na kituo cha matatu, wanionyeshe walikofika katika utafiti wao juu ya maisha na zama za mwandishi wa tamthilia Ebrahim Hussein. Walikuwa na kurasa kumi na nane. Kumi na nne zilihusu maisha: kuzaliwa kwake mwaka 1943 katika pwani ya kusini ya Tanganyika, masomo ya Dar es Salaam, udaktari alioupata katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin Mashariki, na kujitenga kwake na chuo kikuu katika miaka ya 1980. Zama zilitengewa kurasa nne. Mbili kati ya hizo zilisimulia Azimio la Arusha kwa maneno ambayo nimekwisha kuyasoma katika miongozo mitatu, pasipo kubadilika hata nukta.

Lakini hilo silo lililowaleta. Walitaka kujua jambo moja. "Mwalimu, kwa nini alinyamaza?" Mmoja wao alikuwa ameanza hata kupiga hesabu ya nauli ya basi hadi Dar es Salaam.

Niliwakataza, na ningali na msimamo huo. Mtu aliyeandika Kinjeketile mwaka 1969, Mashetani mwaka 1971 na Arusi mwaka 1980 hana deni la maelezo kwa mwanafunzi yeyote. Kunyamaza ni haki yake. Tena katika dibaji ya Kinjeketile alikwisha kutuonya kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu wake, wala si yule mtu wa Ngarambe aliyewapa watu maji katika vita vya 1905 hadi 1907. Mwandishi anayetenganisha hivyo mtu na kazi tangu mwanzo, yamkini angependa naye atenganishwe vivyo hivyo.

Kilichonisikitisha ni kwamba walikuwa tayari kuvuka mpaka kutafuta zama ambazo sehemu yake ilikuwa nje ya dirisha la mkahawa ule.

Nitaeleza. Mwaka 1988 Oxford University Press ilitoa Kwenye Ukingo wa Thim, tamthilia ya Mtanzania huyu iliyochimbuka katika kesi ya Kenya. Wakili S.M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, binti wa Kikuyu wa ukoo wa Waiyaki, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa mila za Kiluo. Maiti ilingoja miezi mitano na siku tatu. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi tarehe 15 Mei 1987, na maziko yakafanyika Nyalgunga tarehe 23 mwezi huo huo.

Chumba cha maiti cha jiji kipo kando ya Barabara ya Ngong, mwendo mfupi tu kabla ya kufika Adams Arcade. Anayetoka huko kwenda Matasia hupita pale pale tulipoketi. Lau mjane angeshinda, msafara ungefuata njia hiyo. Niliwaambia hivyo, wakageuka wote wanne kutazama barabara.

Kisha nikawauliza maana ya thim. Watatu walinyamaza. Wa nne, binti wa Kisumu, alisema nyanya yake hulitumia neno hilo kwa mahali pasipo na watu wala boma. Kwa nini basi hakuwaambia wenzake? Alidhani si utafiti.

Hapa naomba msomaji aniwie radhi, maana nimo katika fani yangu. Mwandishi bingwa wa Kiswahili alikuwa na pori, nyika na msitu mkononi mwake, akaviacha vyote, akaliweka neno la Kiluo katika jina la kitabu. Sidhani kwamba ni pambo. Mahakamani mabishano yalikuwa, kwa kiasi kikubwa, mabishano ya msamiati. Mluo hutofautisha ot, yaani nyumba ya kuishi, na dala, yaani boma lililoanzishwa kwa taratibu za mila. Kwa hoja ya ukoo, marehemu alikuwa na nyumba Nairobi, hakuwa na boma huko. Sisi Waswahili tunasema "nyumba" na "nyumbani", shina moja, na tofauti hiyo inatuponyoka kabla hatujaisikia. Profesa Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alisimama kizimbani kutoa ushahidi juu ya mila hizo. Upande wa mjane ulimchora marehemu kama mtu wa kisasa, mpenzi wa Shakespeare. Sijui mwanafunzi wa tamthilia angetaka zama gani zaidi ya hizo.

Lawama nyingine ni yetu wahadhiri. Tunaandika "maisha na zama" katika kichwa cha swali, kisha tunamtunuku alama aliyenakili aya nne. Hatumtumi mtu Maktaba ya McMillan kufungua magazeti ya 1987. Hukumu yenyewe husomwa bila malipo kwenye intaneti, nasi hatuiweki katika orodha ya masomo. Mfaransa Alain Ricard alichapisha kitabu kizima juu ya Hussein mwaka 1998. Aliona kwamba kazi zake zinastahili subira hiyo.

Rasimu ya pili ilinifikia juzi. Maisha yamepunguzwa hadi kurasa tano, na lile swali la ukimya limebaki sentensi moja. Nyanya wa Kisumu amehojiwa kwa saa mbili, kwa Kiluo, na tafsiri imewekwa sambamba. Katika ukurasa wa tisa kuna ramani iliyochorwa kwa mkono: chumba cha maiti, Adams Arcade, Karen, Ngong, Matasia, na mshale mwingine, mrefu, unaoelekea Siaya. Nimewarudishia waongeze tarehe.