"Kichwa cha Hesabu" Hakipo

Kutoka Naivasha hadi Molo, mzazi husema mbele ya mtoto wake, tena bila kusita: "Huyu wangu hana kichwa cha hesabu." Hakuna anayesema mtoto wake hana kichwa cha kusoma. Mtoto asipojua kusoma tunauliza ni nani aliyemfundisha na alikosa vitabu gani. Akishindwa na hesabu tunaulaumu ubongo wake, na mara nyingi ukoo mzima: hata mamake hakuziweza. Imani hiyo ni ya uongo, na leo inadhuru kuliko jana, kwa sababu wanafunzi wa mtaala wa umilisi sasa huingia Gredi ya 10 wakiwa wamekwisha kuchagua mkondo. Kulikuwa na mpango wa kuifanya hisabati somo la hiari katika ngazi hiyo. Wananchi walilalamika, na Aprili 2025 Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, akatangaza kwamba itabaki ya lazima kwa wote, ila kwa aina mbili: nzito kwa wanaochukua mkondo wa sayansi na uhandisi, nyepesi kwa wengine. Kuirudisha kulikuwa uamuzi wa busara. Lakini kijana wa miaka 14 aliyeambiwa tangu utotoni kwamba hana kichwa atauchagua wepesi, na udaktari, uhandisi na takwimu vitakuwa vimemponyoka kabla hajajua vinahusu nini.

Chukua kosa moja ambalo kila mwalimu amelisahihisha. Mwanafunzi anaambiwa ajumlishe nusu na thuluthi. Anajumlisha nambari za juu, anajumlisha za chini, anaandika 2/5. Mwalimu anatia alama ya kosa na kwenda kwa daftari linalofuata. Mtoto huyo hajapungukiwa na akili. Ametumia kanuni iliyomfaa miaka yote alipokuwa akijumlisha nambari nzima. Alichokosa ni mtu wa kumwuliza: 2/5 ni ndogo kuliko nusu, basi umewezaje kuongeza kitu ukabaki na pungufu ya ulichokuwa nacho? Swali hilo halichukui dakika mbili. Lisipoulizwa, kosa linahama naye. Kwenye aljebra sehemu zina herufi, naye anazijumlisha vilevile. Mteremko wa mstari ni sehemu, trigonometria imejengwa juu ya uwiano, uwezekano ni sehemu tupu. Akifika miaka ya mwisho ya shule anaona mada nne zisizoeleweka, na wanaomzunguka wanaona mtu asiye na kichwa, kumbe ni jambo moja lililoachwa bila kurekebishwa. Akibahatika kuingia chuo kikuu asomee uchumi au kilimo, litamngoja kwenye kalkulasi.

Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto wachuuzi wa mji wa Recife, Brazil. Wakiwa sokoni, wakiwauzia wateja nazi na matunda, watoto hao walipata asilimia 98 ya majibu sawa. Walipopewa hesabu za aina hiyohiyo kwenye karatasi, bila nazi wala mteja, walipata takriban asilimia 37. Walikuwa watoto watano tu, na sitaki kuubebesha uchunguzi huo mzigo usio wake. Hata hivyo, unatosha kuonyesha kwamba ubongo mmoja unaweza kufaulu mchana na kufeli jioni, kutegemea jinsi swali lilivyoulizwa.

Lakini hatuhitaji kwenda Brazil. Katika kijiji cha Pwani, Njoro, kuna shule ya kutwa iitwayo Keriko. Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia, alikuwa akifundisha hapo aliposhinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019. Shule ilikuwa na kompyuta moja na mwalimu mmoja kwa kila wanafunzi 58, na wengi wa watoto walitoka katika familia maskini. Mwaka 2017, wanafunzi 16 kati ya 59 walijiunga na vyuo. Mwaka uliofuata wakawa 26. Timu yake ya hisabati ilifuzu kwenda kushindana Arizona, Marekani, kwa kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu. Watu humsifu Tabichi kwa utu wake, na anastahili. Ila sifa hizo hufunika alichokifanya kazini: yeye na wenzake wanne waliwafundisha waliobaki nyuma mmoja mmoja, nje ya vipindi na wikendi. Nitaambiwa kwamba Keriko ni ya kipekee, kwamba walimu wa namna hiyo ni nadra. Na wawe nadra. Hoja yangu inawahusu watoto, na hao ni wa kijiji chochote cha Bonde la Ufa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba vipaji vipo kweli. Naam, vipo. Wapo wanaoona jawabu kabla hujamaliza swali. Lakini mtihani wa kidato cha nne haumtafuti bingwa wa dunia. Unapima mambo ambayo kijana wa kawaida huyaelewa akifundishwa kwa mpangilio. Tena tukumbuke nani walituimbia wimbo huu kabla yetu. Mwaka 1953 J. C. Carothers, daktari wa akili aliyefanya kazi Nairobi, aliandika katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Wakati huo Egerton, hapo Njoro, ilikuwa chuo cha kilimo kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya vijana wa masetla. Leo ni chuo kikuu kinachotoa walimu wa hisabati. Bongo zetu hazikubadilika. Milango ndiyo iliyofunguliwa.

Walimu watasema silabasi haitakamilika. Malalamiko hayo ni ya haki, na anayepaswa kuyajibu ni mwajiri wao, kwa kuajiri. Lakini kukamilisha silabasi huku nusu ya darasa imekwama kwenye sehemu ni kukamilisha makaratasi. Wiki tatu za mwanzo wa Gredi ya 7, na tena za Gredi ya 10, zitumike kutafuta kila mmoja alipokwama. Na kwenye ripoti ya muhula, badala ya "hana uwezo", mwalimu aandike "anakwama akijumlisha sehemu zenye asili tofauti". Mzazi akisoma hivyo atajua la kumwuliza mwalimu siku ya mkutano.